Ahadi ni Deni: Jinsi Hadithi Fupi ya Mwanafunzi wa Makerere Ilivyochapishwa

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, unapoifungua diwani yako ya hadithi fupi, unakutana na kazi iliyokwisha kukamilika. Kila hadithi ina anwani, ina jina la mwandishi, imepigwa chapa vizuri, na mwalimu amekwambia kuwa itatahiniwa. Ni rahisi kudhani kwamba hadithi hiyo ilizaliwa ikiwa hivyo ilivyo. Sivyo. Kabla ya kukufikia, kila hadithi ilikuwa mswada mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakujua kama kuna atakayekubali kuusoma. Baadaye ikapita kwa mhariri, ikapata nafasi jaridani au kitabuni, na wakati mwingine ikangoja miaka mingi kabla ya kuingia katika diwani.

Katika somo hili tutafuata safari ya hadithi moja ya aina hiyo. Mwandishi wake ni Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo na aliitwa James Ngugi. Hadithi hii haimo katika diwani yako, wala hutaulizwa katika mtihani ilichapishwa mwaka gani. Tumeichagua kwa sababu mwandishi mwenyewe aliieleza safari hiyo mara kadhaa katika mahojiano na maandishi yake, na kwa sababu inatufundisha mambo matatu ambayo watahiniwa wengi huyakosea: tofauti ya mwandishi na mhariri, sababu ya hadithi fupi kuwa fupi, na nafasi ya lugha katika kuamua nani anaitwa mwandishi.

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:

(a) kueleza hatua ambazo hadithi fupi hupitia hadi kuchapishwa;
(b) kutofautisha mwandishi, mhariri na msimulizi;
(c) kuhusisha sifa za hadithi fupi na mahali inapochapishwa;
(d) kutumia maarifa haya kujibu maswali ya diwani teule kwa usahihi.

Mwandishi na mazingira yake

Ngugi alizaliwa tarehe 5 Januari 1938, Kamiriithu, karibu na Limuru. Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, wakati Kenya ilipokuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Aliporudi nyumbani baada ya muhula wake wa kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kwingine. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1959 alijiunga na Chuo cha Makerere, Kampala, kusomea Kiingereza. Wakati huo Makerere kilikuwa chuo kikuu cha pekee kwa Uganda, Kenya na Tanganyika. Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida lake lililoitwa *Penpoint*, lililoanza 1958. Lilichapisha mashairi, hadithi na insha za wanafunzi wenyewe. Mmoja wa waliohusika na jarida hilo alikuwa Jonathan Kariara, Mkenya aliyekuwa akimalizia masomo yake. Kariara baadaye alijulikana kama mshairi na mhariri wa vitabu, na mwaka 1976 alishirikiana na Ellen Kitonga kuhariri diwani ya mashairi ya Afrika Mashariki.

Zingatia hali ilivyokuwa. Kulikuwa na jarida, kulikuwa na mhariri, na wote wawili walikuwa karibu na mwanafunzi huyu. Alichokosa Ngugi ni kimoja tu: hadithi.

Ahadi kabla ya hadithi

Siku moja Ngugi alimsimamisha Kariara na kumwambia kuwa ameandika hadithi fupi, na kwamba angependa aisome. Kwa kweli hakuwa ameandika chochote. Alikuwa na mawazo fulani kichwani, hayajakaa sawa. Kariara hakumkataa. Alimwambia alete hiyo hadithi aione.

Hapo ndipo methali ya wahenga ilipotimia: ahadi ni deni. Ngugi hakuwa na njia ila kwenda kuiandika hadithi aliyodai kuwa nayo. Aliporudi alikuwa na hadithi iliyoitwa *The Fig Tree*, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa *Mugumo*. Kariara aliifurahia sana, hata akamwuliza kama amekuwa akimsoma D. H. Lawrence, mwandishi wa Uingereza. Kwa mwanafunzi anayeanza kuandika, swali kama hilo ni heshima kubwa, maana mhariri amemsoma kwa makini kiasi cha kumlinganisha na mwandishi mwingine. Hadithi ilichapishwa katika *Penpoint* mwaka 1960.

Mwanafunzi, usilichukue tukio hili kama ruhusa ya kumwambia mwalimu kuwa insha iko tayari ilhali daftari ni tupu. Angalia kilichotendeka. Ngugi alikuwa na mawazo kwa muda, lakini mawazo hayo hayakuwa hadithi hadi alipokuwa na msomaji mmoja anayejulikana kwa jina, anayengoja. Msomaji huyo ndiye aliyeyageuza mawazo kuwa kurasa. Kuchapishwa hakukuja baada ya kuandika tu. Kwa namna fulani nia ya kuchapishwa ndiyo iliyoleta kuandika.

Muhtasari wa hadithi

Hadithi inamhusu Mukami, mke wa mwanamume aitwaye Muthoga. Muthoga ana wake wengine. Mukami amekaa katika ndoa bila kupata mtoto, na katika jamii yake jambo hilo ni aibu kubwa. Mapenzi ya mumewe yanageuka kuwa ukali, na kipigo kinafuata. Usiku mmoja Mukami anaamua kutoroka. Anatembea gizani, akiwa na hofu na mawazo mengi, hadi anafika kwenye mugumo, mti mtakatifu wa Agikuyu. Chini ya mti huo anapata utulivu na usingizi. Baadaye anatambua kuwa ana mimba, na kwamba amekuwa nayo kwa muda. Anaamua kurudi kwa mumewe.

Kwa nini hadithi hii ililifaa jarida?

Sasa tuitazame hadithi hii kama mhariri anavyoitazama. Jarida la wanafunzi halina nafasi ya riwaya. Mhariri anahitaji kazi inayoanza na kumalizika katika kurasa chache, na ambayo msomaji ataimaliza kwa kikao kimoja. Hebu tuone jinsi *Mugumo* inavyotimiza masharti hayo, ambayo ni sifa zile zile za hadithi fupi unazofundishwa darasani.

1. *Tukio kuu moja.* Mukami anatoroka na kurejea. Mambo mengine yote, kama vile kuolewa kwake, wivu wa wake wenza na kipigo, yanaelezwa kupitia kumbukumbu zake akiwa njiani. Hii ni mbinu ya kisengere nyuma, na inamwezesha mwandishi kuingiza miaka mingi ndani ya usiku mmoja.

2. *Wahusika wachache.* Mukami ndiye mhusika mkuu. Muthoga tunamjua zaidi kupitia mawazo ya Mukami kuliko kupitia matendo yake mbele yetu. Wake wenza ni kundi, hawakuzwi mmoja mmoja.

3. *Mandhari yenye maana.* Mwandishi hana nafasi ya kueleza kijiji kizima. Anachagua mti mmoja. Mugumo ni mahali halisi, na papo hapo ni ishara ya imani, kinga na uzazi wa jamii. Mandhari ikifanya kazi mbili, hadithi inabaki fupi bila kuwa nyepesi.

4. *Mgogoro unaofikia kilele haraka.* Swali la hadithi linajitokeza mapema: je, Mukami atakwenda au atarudi? Kilele ni pale anapotambua hali yake. Baada ya hapo mwandishi hachelewi kumaliza.

5. *Mwisho unaomwachia msomaji kazi.* Hadithi haituambii maisha ya Mukami yatakuwaje baada ya kurejea. Je, kurudi kwake ni ushindi, kwa kuwa sasa anarudi akijua si tasa? Au ni kushindwa, kwa kuwa anarudi kwa mume aliyempiga, na thamani yake bado inapimwa kwa mtoto? Hoja zote mbili zinaweza kutetewa kwa ushahidi wa hadithi. Swali la aina hii ni zuri kwa mjadala darasani.

Kwa hiyo, mwalimu anapokuambia kuwa hadithi fupi huwa na msuko sahili na wahusika wachache, usikariri kama sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. Jiulize hadithi ilikusudiwa kusomwa wapi na kwa muda gani. Nyingi za sifa hizi zinatokana na hapo.

Hadithi ya pili

Ngugi hakuishia kwenye jarida la chuo. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha jarida jipya mjini Kampala liitwalo *Transition*. Hili halikuwa la wanafunzi. Lilisomwa na watu nje ya chuo na nje ya Uganda. Ngugi alichapisha humo hadithi iitwayo *The Return*, yaani kurejea.

Mhusika wake mkuu ni Kamau, mwanamume anayetoka kizuizini baada ya miaka ya Hali ya Hatari. Anatembea kwa furaha kwenda kijijini, akimfikiria mkewe Muthoni. Anapofika anaambiwa kuwa Muthoni alikwisha kuondoka na Karanja, hasimu wake, aliyekuja na habari kuwa Kamau amekufa. Kamau anakwenda hadi kwenye mto, na kifurushi alichokibeba kutoka kizuizini kinatumbukia na kuchukuliwa na maji.

Sasa rudi kwenye jambo nililokuomba ukumbuke. Mwandishi mwenyewe aliwahi kurudi nyumbani na kukuta kijiji hakipo. Lakini hakuandika kuhusu mvulana wa shule aliyerudi likizoni. Alimpa tukio la kurejea mtu mzima aliyekuwa kizuizini, akabadilisha alichokipoteza, kutoka nyumba hadi mke. Mwandishi huchota kutoka maishani, kisha hubuni. Ndiyo maana ni kosa kuandika katika karatasi ya mtihani kuwa mhusika fulani "ni mwandishi mwenyewe" kwa sababu tu maisha yao yanafanana kidogo. Thibitisha kwa matini, si kwa wasifu.

Mlango uliofunguka, na aliyeachwa nje

Juni 1962 mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika ulifanyika Makerere. Walihudhuria watu kama Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria, na Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini. Ngugi, akiwa bado mwanafunzi, alialikwa. Sifa yake ya kualikwa ilikuwa zile hadithi fupi mbili: moja katika *Penpoint*, nyingine katika *Transition*.

Tazama uzito wa hadithi mbili fupi. Katika mkutano huo Ngugi alimpa Achebe mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Mswada huo ulifika kwa kampuni ya Heinemann, na mwaka 1964 ukachapishwa kwa jina *Weep Not, Child*. Hadithi ya kurasa chache iliyoanza kwa ahadi kwa mwanafunzi mwenzake ndiyo iliyomfikisha kwa mchapishaji wa kimataifa.

Lakini kuna upande wa pili, na Ngugi mwenyewe ndiye aliyeueleza katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha 1986. Mkutano ule ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi mwenye hadithi mbili alistahili kuketi humo, lakini Shaaban Robert hakustahili.

Unamjua Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 karibu na Tanga. Kufikia 1962 alikuwa amechapisha mashairi, insha na nathari kwa Kiswahili, zikiwemo *Kusadikika* ya 1951 na *Adili na Nduguze* ya 1952. Alifariki tarehe 20 Juni 1962, mwezi ule ule wa mkutano. Baadhi ya miswada yake, kama *Kufikirika* na *Utubora Mkulima*, ilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kifo chake. Vitabu hivyo vinasomwa hadi leo, na mwandishi wake hakuviona vikiwa vitabu.

Linganisha safari hizi mbili. Hatuwezi kusema hadithi mbili za mwanafunzi zilikuwa bora kuliko kazi zote za Shaaban Robert. Tofauti haikuwa ubora. Ilikuwa lugha, na lugha ndiyo iliyoamua nani aitwe na nani asiitwe. Kwa hiyo unapojibu swali linalohusu nafasi ya lugha katika jamii, ukumbuke kuwa kuchapishwa hakupimi kipaji peke yake. Kunategemea pia majarida yaliyopo, wahariri waliopo na lugha wanayoikubali.

Jambo hili lilimsumbua Ngugi kwa miaka. Mwishoni mwa 1977, baada ya mchezo wa kuigiza wa Kigikuyu ulioandaliwa Kamiriithu, alikamatwa na kuzuiliwa Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Humo kizuizini aliandika riwaya kwa Kigikuyu, *Caitaani Mutharabaini*, kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, *Shetani Msalabani*, ikatoka 1982. Mwandishi aliyeingia ukumbini kupitia hadithi mbili za Kiingereza aliamua kuandika riwaya zake kwa lugha ya mama yake. Mwaka 2016 hadithi yake fupi iliyoandikwa kwa Kigikuyu ilitolewa na kundi la waandishi la Jalada, ikiwa imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30 kwa mpigo, Kiswahili kikiwemo. Baadaye idadi hiyo ilipita 100. Ngugi alifariki Mei 2025.

Kutoka jaridani hadi diwani

Hadithi ya Mukami haikukaa *Penpoint* milele. Mwaka 1975 Ngugi alikusanya hadithi zake fupi katika kitabu kimoja, *Secret Lives*. Hapo ndipo *The Fig Tree* ilipokuja kujulikana zaidi kama *Mugumo*. Kutoka jarida hadi diwani ni miaka 15.

Diwani ya Ngugi ina hadithi za mwandishi mmoja. Diwani teule unazozisoma shuleni aghalabu ni za waandishi wengi, waliokusanywa na wahariri. *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine* ilihaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed. *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* ilihaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine* ilihaririwa na D. W. Lutomia na Phibbian Muthama. Jina la kila diwani limetokana na hadithi mojawapo iliyomo, ndipo yakafuata maneno "na Hadithi Nyingine".

Kazi ya mhariri wa diwani ni kuchagua, kupanga na kusafisha. Huchagua hadithi zitakazokaa pamoja, huamua ipi itangulie, na hushauriana na waandishi kuhusu lugha na urefu. Mhariri anaweza pia kuwa na hadithi yake ndani ya diwani. Lakini hadithi iliyoandikwa na mwingine hubaki ya huyo mwingine.

Makosa ya kuepuka mtihanini

Katika kusahihisha karatasi ya Fasihi, makosa yafuatayo hujirudia mwaka baada ya mwaka:

(i) *Kumtaja mhariri kuwa mwandishi.* Mtahiniwa huona majina mawili kwenye jalada, kisha huandika "waandishi wanaonyesha…" kwa kila hadithi. Jina lililo juu ya jalada ni la wahariri. Jina la mwandishi liko katika orodha ya yaliyomo au mwanzoni mwa hadithi. Jifunze jina la kila mwandishi pamoja na anwani ya hadithi yake.

(ii) *Kuchanganya mwandishi na msimulizi.* Hadithi ikisimuliwa kwa nafsi ya kwanza, "mimi" ni mhusika aliyebuniwa. Andika "msimulizi" au taja jina lake kama limetolewa.

(iii) *Kusimulia badala ya kujibu.* Swali likitaka maudhui, usinieleze hadithi yote kuanzia mwanzo. Hadithi ni fupi kwa sababu mwandishi alichagua. Nawe uchague.

(iv) *Kutumia wasifu wa mwandishi kama ushahidi.* Mtahini hutuza kilichomo katika hadithi.

Mfano wa swali na majibu

*Hadithi fupi huteka kipindi kifupi na kukitumia kufichua mengi. Thibitisha kauli hii kwa kurejelea hadithi ya Mukami.*

Jibu la mtahiniwa wa kwanza:

"Mukami aliolewa na Muthoga. Alikaa bila kupata mtoto. Mumewe akampiga. Akatoroka usiku akaenda kwenye mti. Kisha akajua ana mimba akarudi nyumbani. Kwa hivyo hadithi hii ni fupi na inafichua mengi."

Jibu la mtahiniwa wa pili:

"Matukio ya wakati wa sasa katika hadithi hii huchukua usiku mmoja tu, lakini usiku huo unafichua nafasi ya mwanamke katika ndoa ya wake wengi. Mukami anapotembea gizani anakumbuka jinsi mapenzi ya mumewe yalivyogeuka kuwa kipigo kwa kuwa hakuzaa. Kupitia kisengere nyuma hicho, mwandishi anaonyesha kuwa jamii inampima mwanamke kwa uzazi. Hata uamuzi wake wa kurudi unatokana na kutambua kuwa ana mimba, jambo linalothibitisha kuwa kipimo hicho bado kinatawala."

Mtahiniwa wa kwanza amesimulia. Yote aliyoyasema ni kweli, lakini hajathibitisha kauli. Mtahiniwa wa pili ametoa hoja, akaitolea mfano, akataja mbinu, kisha akaifunga hoja kwa kurejelea swali. Huyu ndiye atakayepata alama. Fanya hivyo kwa kila hoja: itaje, ithibitishe, ihusishe na swali.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika

Katika kila darasa kuna mmoja au wawili wanaoandika hadithi kisiri nyuma ya daftari. Kama wewe ni mmoja wao, sehemu hii ni yako.

Kwanza, tafuta msomaji mmoja anayejulikana. Si lazima awe mchapishaji. Awe mhariri wa jarida la shule, mwalimu wa Kiswahili, au mwanafunzi mwenzako asiyeogopa kukwambia kuwa ukurasa wa pili umemchosha. Mwahidi siku. Kisha uilipe ahadi.

Pili, usianze na riwaya. Andika tukio moja, usiku mmoja, safari moja. Ukiweza kumfikisha mhusika wako kutoka mlangoni hadi kwenye mti na kurudi, akiwa amebadilika, umeshaandika hadithi fupi.

Tatu, andika kwa Kiswahili bila kuona haya. Mwaka 1962 mwandishi mkubwa wa Kiswahili hakuwa na kiti katika mkutano wa Makerere. Leo hali imebadilika kwa kiasi. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 na hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Diwani teule nazo zimewapa waandishi wengi wa hadithi fupi za Kiswahili wasomaji katika shule kote nchini. Wewe ni mmoja wa wasomaji hao, na waandishi wajao watatoka miongoni mwenu.

Hata kama huna nia ya kuwa mwandishi, karatasi ya kwanza inakudai insha mbili, na mbinu ni ile ile: tukio moja lililochaguliwa vyema hushinda matukio kumi yaliyorundikwa.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya mwandishi, mhariri na msimulizi. Toa mfano mmoja wa kila mmoja kutoka diwani teule unayoisoma. (alama 6)

2. Taja hatua nne ambazo hadithi ya Mukami ilipitia kutoka wazo hadi diwani. (alama 4)

3. "Kurudi kwa Mukami ni kushindwa." Jadili pande zote mbili za kauli hii. (alama 10)

4. Chagua hadithi moja katika diwani yako. Onyesha jinsi mandhari yake inavyotumika kama mahali na pia kama ishara. (alama 10)

5. Kwa kurejelea safari ya Ngugi na ya Shaaban Robert, eleza jinsi lugha inavyoweza kuathiri kuchapishwa na kutambuliwa kwa mwandishi. (alama 10)

6. Zoezi la kundi: katika makundi ya watu wanne, kila mmoja aahidi kuleta hadithi ya ukurasa mmoja kufikia wiki ijayo. Mmoja wenu awe mhariri. Mhariri aandike maswali matatu chini ya kila hadithi, kisha mwandishi aiandike upya kabla ya kusomwa mbele ya darasa.